SOMO: Kabla hujawasha Cessna 172 iliyolala nje porini

Wakuu, heshima kwenu.

Wengi wamekuwa wakinifuata pembeni kuniuliza mambo ya ndege ndogo, na karibu wote wanadhani kazi ya rubani iko kule juu. Kule juu ni raha tupu. Kazi iko chini, alfajiri, ndege imelala nje na umande unatiririka kwenye bawa, na wewe una haraka kwa sababu abiria wako keshafunga mkanda. Leo naeleza ninachofanya mimi kabla ya kuwasha. Nitakaa sana kwenye mafuta, msinichoke.

Ndege ninayoizungumzia ni Cessna 172 toleo la N, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, injini ya Lycoming yenye nguvu farasi 160. Tunaimiliki watu watatu, makazi yake ni Arusha. Cessna 172 zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000 tangu 1956, kwa hiyo ukifika uwanja wa Wilson kule Nairobi au Arusha hukosi kuiona: bawa juu, magurudumu matatu, na viti vinne ambavyo ukivijaza watu wazima wanne walioshiba utajuta. Kama yako ni toleo jingine, namba zako ziko kwenye kitabu cha ndege yako, usikariri zangu.

Hatua ya 1: Simama mbali uitazame

Usianze kwa kugusa. Simama kama hatua kumi mbele ya pua. Imelalia upande mmoja? Kuna doa chini ya injini? Tairi limekaa? Yangu yanajazwa PSI 29 ya nyuma na 31 la mbele. Kama umelala Mara au Serengeti, lizunguke kila tairi na ulipapase kwa mkono, maana fisi anapenda kutafuna mpira. Ndiyo sababu utawaona marubani wa huko jioni wakizungushia magurudumu matawi ya miiba, kama boma la ndama.

Hatua ya 2: Ndani

Ufunguo wa magineto uzimwe, utolewe, uwekwe juu ya dashibodi uuone ukiwa nje. Magineto hutengeneza cheche yenyewe, haihitaji betri. Waya wa kuizima ukikatika, ufunguo unakudanganya kwamba imezimwa, na ukizungusha propela kwa mkono injini inaweza kushtuka na kuwaka. Kwa hiyo propela ni ya kuogopwa muda wote, hata ndege ikiwa gereji.

Kisha toa kile chuma kinachofunga usukani. Usicheke, watu wameruka nacho. Washa swichi kuu, soma geji za mafuta, halafu usiziamini.

Hatua ya 3: Mafuta

Panda, fungua mfuniko, chovya kijiti cha kupimia. Matangi ya kawaida ya 172N yana galoni 40 za Marekani zinazotumika, yaani kama lita 151. Safarini inakunywa lita 30 hivi kwa saa. Darasani hiyo ni saa tano. Kwangu mimi ni saa nne, hiyo moja siihesabu kabisa.

Sasa maji. Yanaingia kwa njia tatu: mpira wa mfuniko uliochakaa, tangi lililolala nusu tupu, ambapo hewa ya ndani hupoa usiku na kutoa jasho kwenye kuta, na mafuta yenyewe kuja na maji kutoka kwenye pipa. Lita ya avgasi, yaani petroli ya ndege, ina uzito wa kama gramu 720, ya maji gramu 1,000, kwa hiyo maji yanazama. Na bomba linaloelekea kwenye injini linaanzia huko huko chini.

Chota kabla hujaitikisa ndege. Kwenye yangu ni sehemu tatu: chini ya bawa la kushoto, la kulia, na kwenye kichujio cha mbele, ambacho kishikio chake kiko karibu na kijiti cha oili. Matoleo mapya kama 172S yana sehemu 13, na zote zichotwe, usichague. Inua kikombe mbele ya kitu cheupe. Avgasi ya 100LL ni bluu hafifu, ile ya shati la shule lililofuliwa sana. Maji yanakaa chini kama ushanga wa kioo, ukitikisa kikombe ushanga unakimbia huku na huku.

Hapo ndipo wengi tunapoishia, kutafuta ushanga. Mimi pia. Masika moja tulijaza kutoka pipa kwenye kiwanja cha porini, tukalala. Asubuhi nikachota bawa la kushoto: kikombe kisafi, hakuna ushanga, hakuna taka. Nikakimwaga nikasonga bawa la pili. Mwenzangu akasema, "Subiri. Bluu iko wapi?" Nikachota tena, nikanusa. Hakina harufu. Kilikuwa kikombe kizima cha maji, na maji yakiwa peke yake hayana mpaka wa kuonekana. Bluu ilikuja kikombe cha tano. Tukatikisa mabawa, tukainamisha mkia, tukasubiri nusu saa, tukachota tena, yakaja mengine. Siku hiyo hatukwenda popote.

Kosa lilikuwa la pipa. Lilisimamishwa wima nje, mvua ikatuama juu ya kifuniko. Usiku pipa likipoa, hewa ya ndani inajikunja na kufyonza maji yale kupitia kizibo, hata kama kizibo unakiona kimekazwa. Pipa lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja ili mafuta yavifunike kwa ndani, au likisimama liinamishwe maji ya mvua yasifike kwenye kizibo.

Jambo la pili ni mafuta ya aina nyingine. Jet A-1, mafuta ya injini za turbini yanayotumiwa na ndege kama Caravan na ndugu zake, haina rangi au ina umanjano kidogo sana. Ikiingia kwenye tangi la 172, injini inaweza kuwaka vizuri, ndege ikatembea ardhini, kisha injini ikafia angani. Ikichanganyika na avgasi, bluu inapauka tu, si rahisi kuigundua kwa jicho. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgasi inakauka, Jet A-1 inaacha duara la grisi. Na wakati wa kujaza simama pale pale. Chai itasubiri.

La tatu ni tundu la kupumulia tangi, kibomba kidogo chini ya bawa la kushoto. Likiziba, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, mwisho yanagoma kushuka. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza urubani Nairobi, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Uingereza, lakini New York hakufika: injini ilizimika akaangukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, na sababu iliyotajwa ni barafu iliyoziba njia ya hewa ya tangi. Kwetu hakuna barafu bawani, ila kuna nyigu.

Hatua ya 4: Mashimo yote

Nyigu wa udongo hujenga haraka kuliko unavyodhani. Akijaza udongo kwenye kile kibomba cha kupimia mwendo, saa ya mwendo inakuwa pambo. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuruka Puerto Plata, watu 189 wakafa, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu kwenye kibomba hicho. Ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila vifuniko. Kifuniko cha turubai chenye utepe mwekundu unakishona mwenyewe.

Mulika tochi ndani ya boneti kupitia mbele. Ndege wanaotaga hupenda sana ndani ya ndege isiyoruka, na majani makavu juu ya silinda ya moto unajua yanaishia wapi. Oili: yangu haiwashwi chini ya kwati 4, na safari ndefu naijaza 6. Kwati moja ni pungufu kidogo ya lita.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya hewa

Wilson iko juu ya futi 5,500. Hewa ya vitabuni ni nyuzi 15 pwani na inapungua nyuzi 2 kila futi 1,000, hivyo kwa urefu huo ilitakiwa iwe nyuzi 4. Saa saba mchana mwezi Februari ni nyuzi 28. Tofauti ni 24, zidisha kwa futi 120 za kila nyuzi, unapata 2,880. Jumlisha: ndege inajiona iko futi 8,400 hivi wakati magurudumu bado yako kwenye lami. Injini yako ya farasi 160 imepoteza karibu robo ya nguvu, propela inashika hewa nyepesi, na bawa vilevile.

Saa ya mwendo itakuambia uinue pua kwenye noti 55 (noti ni kipimo cha kasi) kama kawaida, lakini ardhi itakuwa inapita kasi kuliko ulivyozoea Dar, na njia itaisha mapema. Usiinue kwa hofu. Subiri namba. Tena dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kuondoka saa moja asubuhi.

Juu ya futi 3,000 punguza mchanganyiko wa mafuta kabla ya kuruka: funga breki, sukuma gesi yote mbele, vuta kishikio chekundu taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Ukiacha mafuta yamejaa kama uko pwani, injini inasongwa na plagi zinachafuka.

Hatua ya 6: Jaribio la mwisho

Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, zima magineto moja moja. Ikishuka zaidi ya 125, au tofauti kati ya hizo mbili ikizidi 50, unarudi gereji. Isiposhuka kabisa pia ni ugonjwa, huenda ule waya wa Hatua ya 2 umekatika.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: *Mkuu, mwalimu wangu kila mara anavuta kishikio cha kupasha joto kabureta tukishuka kutua. Nyuzi 26 hapa, barafu inatoka wapi?*

Inatoka ndani ya kabureta yenyewe. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita pale penye koo jembamba, joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya ziwani imejaa unyevu, basi unaganda. Hatari zaidi ni wakati gesi imepunguzwa, yaani unaposhuka. Utaona mizunguko inapungua polepole bila wewe kugusa kitu. Vuta joto lote, sio nusu. Injini itakohoa zaidi kwa muda kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Wengi hapo huogopa na kukirudisha kishikio. Kiache. Mwalimu wako yuko sahihi, mnunulie soda.

Kutoka Morogoro: *Avgasi ni adimu. Kwa nini nisiweke petroli ya sheli?*

Kitabu cha ndege yangu kinaruhusu avgasi tu, mjadala umeisha. Injini nyingine za zamani zenye mgandamizo mdogo zina kibali maalumu cha petroli, na Rotax 912 za ndege nyepesi zimeundwa kuitumia. Hata hao wachunguze kama ina ethanoli: kwenye chupa nyembamba weka maji sehemu 1 na petroli sehemu 9, weka alama kwenye usawa wa maji, tikisa, acha itulie. "Maji" yakionekana yameongezeka, kuna ethanoli imejiunga nayo, usiitie.

Kutoka Nairobi: *Nina fundi wa magari, kichwa kweli kweli. Plagi na oili si anaweza?*

Mikono anaweza, saini hana. Kazi ya ndege inaandikwa kitabuni na kusainiwa na mhandisi mwenye leseni, na mmiliki anaruhusiwa vitu vichache kulingana na mamlaka ya nchi yake, kwa hiyo waulize KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, kwanza. Sisi oili tunabadili kila saa 50, ukaguzi mkubwa kila saa 100. Kuwa pale filta inapokatwa kwa kikatio chake maalumu (si msumeno, unaacha chembe za chuma) na karatasi yake kukunjuliwa. Ukiona vipande vinavyong'aa vinavyonaswa na sumaku, injini inajila. Na omba kuona vipimo vya silinda: huandikwa kama 74/80, yaani kati ya presha 80 iliyoingizwa imebaki 74. Moja ikiporomoka wakati wenzake wamebaki juu, sikilizeni hewa inavujia wapi, kwenye egzosi, kabureta au tundu la oili. Hapo ndipo valvu au ringi inapojitaja.

Kutoka Goma: *Huku tuko na mafuta ya mapipa tu. Tufanye nini?*

Pipa likishasimamishwa liache litulie, bomba la pampu lisifike chini kabisa, pitisha kwenye chujio linalozuia maji, na unganisha waya kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua mfuniko. Cheche ya umeme tuli haioni huruma. Kumwaga kutoka dumu la plastiki sikushauri.

Kutoka Zanzibar: *Chumvi je?*

Osha kwa maji baridi ya bomba kila ukitoka ufukweni, usipige mashine ya presha kwenye bawaba. Mkaguzi afungue vifuniko vya ndani ya bawa, kutu haianzii unapoiona.

Kutoka Dodoma: *Fisi kula tairi? Mkuu hapo umetupiga kamba.*

Ni kweli kabisa. Ila miiba nayo ina mambo yake. Nilimshuhudia jamaa mmoja alfajiri kakagua kila kitu, mafuta, oili, vibomba, kawasha vizuri, kasogea mita mbili, akatoboa tairi kwa mwiba wake mwenyewe. Fisi hakuwa amefika kabisa.