Aksoloti katika joto la Mombasa: tayarisha baridi kabla mnyama hajafika

Mpwa wangu anayekaa Tudor alinipigia simu jioni moja. "Shikamoo mjomba. Tangi nimepata, mchanga nimepata, na aksoloti anakuja Ijumaa kwa basi kutoka Nairobi." Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza maji yake yana nyuzi ngapi. Akatumbukiza kipimajoto: 29. Nikamwambia ampigie muuzaji saa ile ile, waahirishe safari. Tulichukua wiki saba kulitayarisha tangi lile, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza elewa kinachotakiwa. Aksoloti ni mnyama wa majini wa jamii ya chura, mwenye mkia, na kwao ni maji ya eneo la Xochimilco, Meksiko, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji anayoyataka ni ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Kwenye 20 huvumilia, akipita 22 huanza kuumia, na 24 ikidumu humuua. Ukiwa na uwezo wa kuteremsha nyuzi kumi na kuzishikilia hapo usiku na mchana, kaskazi na kusi, endelea kusoma. Kama huna, nakusihi ufuge samaki wa maji ya joto. Wako wazuri sana, na hawatateseka nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Karatasi

Aksoloti yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kumwingiza nchini kunahitaji kibali, na hapa Kenya mlango wa kubisha ni KWS, shirika la wanyamapori. Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 2: Tangi

Mnyama mmoja apate lita 100 au zaidi. Chagua tangi refu kuliko lililo la kwenda juu, kwa sababu aksoloti hutembea chini. La mpwa wangu lina urefu wa sentimita 90, na tulilijaza lita 120.

Kokoto usiweke kabisa. Huzimeza zikaziba matumbo. Mchanga wa ufuoni nao uache ufuoni: una chumvi na vipande vya makombe. Mimi napendelea sakafu tupu ya kioo, kinyesi kinaonekana na kuondolewa mara moja. Laza vyungu viwili vya udongo ubavuni awe na pa kujificha, kwani hana kope za kufumba na mwanga humsumbua. Kichujio kiwe cha sponji kinachosukumwa na pampu ya hewa. Vile vyenye nguvu hupiga mkondo mkali, na mnyama huyu hutaka maji yaliyotulia.

Hatua ya 3: Maji

Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, hayafai. Ukinunua mitungi ya mkokoteni, yaonje kwanza, maana si kila mtungi unaoitwa wa mfereji umetoka mferejini. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo tia dawa ya kuiondoa, ila isiwe ile iliyochanganywa na mshubiri.

Hatua ya 4: Bakteria

Hapa joto letu ni neema. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huzaana upesi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Basi usipoze maji bado. Tia amonia safi isiyo na manukato iwe chakula chao, mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, washa sponji, upime kila baada ya siku mbili. Nunua vipimo vya matone. Vile vya karatasi vilinidanganya mara mbili na sivitumii tena. Siku amonia yote uliyotia na nitriti zitakaposoma sufuri ndani ya saa 24 tangu uitie tena, badilisha maji mengi ili nitrati ishuke chini ya 20. Kwetu ilichukua wiki tano.

Hatua ya 5: Kupoza

Hapa ndipo penye kazi yote.

Nilipoanza nilifuata ushauri wa watu wa nchi za baridi na wa wenzetu wa Nairobi: elekeza feni juu ya maji, yatapoa. Kwao hupoa. Feni hupoza kwa kuyafanya maji yageuke mvuke, na mvuke huhitaji hewa kavu ya kuupokea. Hewa ya Pwani imeshiba unyevu. Mwezi wa Machi niliweka feni mbili usiku kucha na maji yakagoma kwenye 26. Aksoloti wangu akaacha kula, mashavu yake ya manyoya anayopumulia yakanyong'onyea, yakaota ukungu mweupe kama pamba. Siku ya tisa akafa. Sijasahau, na ndiyo sababu hatua hii naiandika kwa urefu.

Baadaye nikajaribu chupa za barafu. Piga hesabu nami: kuteremsha lita 120 kutoka 28 hadi 18 hutaka karibu kilo 12 za barafu. Halafu joto la chumba linarudi ndani kila saa, kwa hiyo utahitaji kilo 11 hivi kila siku ili maji yasipande. Friza ya nyumbani haiwezi, wala wewe huwezi kuamka kila usiku kubadilisha chupa. Zaidi ya hayo, maji hupanda na kushuka siku nzima, na huko kuyumba pia humdhoofisha mnyama.

Vile vipoza maji vidogo visivyo na kompresa, viuzwavyo rahisi, viache. Havina nguvu ya nyuzi kumi. Kinachofaa Mombasa ni mashine ya kupoza maji yenye kompresa, kama ya friji. Ni ghali kuliko tangi, vyungu na mnyama vikijumlishwa. Ipangie bajeti kwanza, vingine vifuate. Mwambie muuzaji ujazo wa tangi lako na kwamba chumba chako hufika nyuzi 31, kwa sababu nyingi zimepimwa kwenye vyumba vya nyuzi 25.

Unapoifunga, zingatia haya. Mashine hutema joto kwa nyuma, hivyo usiifungie ndani ya kabati chini ya tangi; iache wazi, karibu na dirisha. Bomba la kurudisha maji lielekeze kwenye kioo ili mkondo uvunjike. Itege mashine kwenye nyuzi 17.

Kisha linakuja jambo lililotupotezea siku nzima mimi na mpwa wangu: tangi hutoka jasho. Kioo chenye maji ya nyuzi 17 kwenye hewa yetu hutiririka kama chupa ya soda iliyotoka frijini, bila kukoma. Asubuhi tulikuta meza imelowa na maji yakikaribia soketi. Tulidhani kioo kimepasuka, tukamwaga maji yote kutafuta ufa usiokuwepo. Dawa yake ni kuzungushia tangi pande tatu na chini vibao vyeupe vyepesi kama vya masanduku ya kubebea samaki, vilivyobana, na kuweka kifuniko juu. Mbele futa kwa kitambaa, na utandike taulo. Waya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni lisifuate waya.

Vibao hivyo pia vitakuokoa umeme ukikatika. Tulizima mashine makusudi tukapima: kutoka 17 hadi 20 ilichukua saa saba. Weka frizani chupa nne za lita moja na nusu, na umeme ukipotea tumbukiza moja kila saa tatu. Pampu ya hewa iwe na betri.

Iache mashine ifanye kazi siku saba mfululizo. Kipimo kisipopita 19 hata adhuhuri, mwite mnyama.

Hatua ya 6: Mnyama na chakula

Asafiri usiku, ndani ya sanduku la barafu, mfuko usigusane na barafu. Mkaribishe polepole kwa kumwongezea maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa moja. Akae peke yake. Samaki humdonoa mashavu, naye huwameza.

Mlishe nyungunyungu wa shamba lisilopigwa dawa. Sisi tunawachimba Mtwapa. Chambo cha baharini hakimfai. Mdogo ale kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu. Mabaki yaondoe jioni hiyo hiyo, na kila wiki badilisha robo ya maji, maji mapya yakiwa yamelala frijini kwanza.

Wa mpwa wangu alifika Jumamosi alfajiri. Jumatatu alitoka chunguni akala nyungunyungu wawili, kipimajoto kikisoma 17.