Kijiti cha kupimia kahawa iliyovundikwa

Kwa mnaomenya kahawa ya arabika ya shambani kwa mkono, kisha mnaivundika kwenye ndoo ili ute unaofunika punje uachie: acheni kuhesabu saa za kungoja kabla ya kuosha. Nilikuwa naosha baada ya usiku mmoja tu, na kwa baridi ya huku juu Mlima Elgon mara nyingi ute ulikuwa bado haujaachia. Siku hizi nachomeka kijiti cha unene wa kidole (mpini wa mwiko pia unafaa) wima katikati ya ndoo hadi chini, halafu nakichomoa taratibu. Shimo likijifunika, subiri. Likibaki wazi, osha hapo hapo, hata kama ni usiku.

Punje zenye ute huteleza na kuporomokea shimoni. Ute ukishavunjwavunjwa na uchachu, punje hukwaruzana na kushikana; ukizisugua kiganjani zinalia kama changarawe.

Kijiti hudanganya ikiwa kahawa ni kidogo, tuseme chini ya nusu ndoo, au ikiwa inaelea kwenye maji. Maji yachuje kwanza. Kahawa kidogo ipime kwa kiganja. Buni za kijani nazo zina ute haba, zitoe kabla ya kumenya. Na kijiti hakikwambii kama umechelewa: shimo la kahawa iliyopitiliza nalo hubaki wazi, kwa hiyo anza kupima mapema na unuse. Harufu kali ya siki ni dalili mbaya.

Wenye robusta ya kiboko, inayoanikwa na maganda yake, hili haliwahusu.