Bwawa limegeuka kijani: lipime kabla ya kumwaga dawa

Hivi karibuni mfugaji mmoja wa samaki alinipigia simu asubuhi na mapema. Samaki walikuwa wanaelea, maji yamekuwa kijani kizito, naye alikuwa ameshafungua chupa ya dawa ya kuua mwani. Nilimsihi aifunge. Mwani mwingi ukifa kwa mkupuo, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyobaki, na samaki walionusurika nao hufa. Tulianza kwa kupima, na hatua zenyewe ni hizi.

Hatua ya 1: Jua ni kijani gani

Vaa glavu, jaza maji kwenye chupa ya kioo, uiache usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikipanda juu na kutanda kama rangi iliyomwagika, shuku sianobakteria. Watu huwaita mwani wa kijani-buluu, lakini ni bakteria, na wengi wao wana vifuko vya hewa vinavyowaelesha. Kikizama, huenda ni mwani wa kawaida. Hadubini ndiyo inayothibitisha. Hata hivyo, ukishuku tu, zuia watu na mifugo wasiyanywe maji hayo: baadhi ya sianobakteria hutoa sumu kama maikrosistini, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Hatua ya 2: Uangavu

Shusha kisahani cha Secchi (sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana) mpaka kipotee machoni, kipandishe mpaka kionekane tena, kisha chukua wastani wa vina hivyo viwili. Padri Angelo Secchi alikijaribu kipimo cha namna hii baharini mwaka 1865, na mpaka leo nakiamini kuliko vifaa vingi vya betri.

Hatua ya 3: Oksijeni na pH, mara mbili kwa siku

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Nilipima saa tisa alasiri, nikapata oksijeni miligramu 13 kwa lita, nikamwambia mwenye bwawa kwamba hewa si tatizo. Kesho yake samaki wengine wakafa. Nilirudi alasiri, nikapima tena, jibu likawa lilelile. Nikaanza kutafuta sumu ambayo haikuwepo. Siku ya tatu nilifika saa kumi na moja alfajiri: miligramu 1.4.

Mchana mwani hufanya usanisinuru na kutoa oksijeni nyingi kuliko maji yanavyoweza kushikilia. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni ya hewani hushika takribani miligramu 8.3 tu kwa lita, kwa hiyo ile 13 ilikuwa dalili ya ugonjwa, nami nikaisoma kama afya. Usiku mwanga hakuna, lakini mwani, bakteria na samaki wote wanaendelea kupumua. Akiba huisha kuelekea alfajiri.

pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, hufuata mwendo huohuo. Mchana mwani hunyonya kaboni dioksidi, pH ikapanda hata kupita 9; usiku gesi hiyo hurudi majini, pH ikashuka. Kwa hiyo pima kabla jua halijachomoza, kisha alasiri ya siku hiyohiyo, na uandike saa pembeni ya kila namba. Namba isiyo na saa mimi huitupa.

Mambo mengine ya kuangalia:
- Pima juu na karibu na tope. Juu panaweza kuwa pazuri ilhali chini hakuna oksijeni kabisa.
- Usimimine maji kutoka ndoo hadi chupa, maana yanaingiza hewa. Zamisha chupa na uifunge ikiwa chini ya maji.
- Ukiweza, tumia kipima oksijeni cha mwanga. Vile vya utando huhitaji maji yanayotembea. Ukikishika kimetulia, namba inashuka bure.

Hatua ya 4: Amonia

Soma amonia (taka itokayo kwa samaki na vitu vinavyooza) pamoja na pH ya saa ileile. Katika nyuzi 25, amonia isiyo na chaji, ambayo ndiyo inayodhuru samaki zaidi, ni chini ya asilimia 1 ya jumla pH ikiwa 7. Ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi. Maji yaleyale yanaweza kuwa salama alfajiri na hatari alasiri.

Hatua ya 5: Fosfati na nitrati

Tumia vipimo vya matone. Vijikaratasi havioni fosfati ndogo inayotosha kulisha mwani. Usioshe chupa kwa sabuni, nyingine zina fosfati. Isuuze mara tatu kwa maji ya bwawa lenyewe. Angalia pia kama namba imeandikwa kwa fosforasi au fosfati, kwa nitrojeni au nitrati: miligramu 1 ya fosforasi ni sawa na takribani miligramu 3.07 za fosfati, na nitrojeni 1 ni nitrati 4.43. Ukichanganya hapo, utalinganisha vitu viwili tofauti.

Hatua ya 6: Fuata chanzo

Pima kila mfereji unaoingia, juu na chini ya mahali unapopashuku, hasa baada ya mvua. Usilisahau tope: oksijeni ikiisha chini, fosforasi iliyoshikwa na chuma huachiwa na kurudi majini, hata kama hakuna uchafu mpya.

Kwa yule mfugaji, fosfati iliruka pale mfereji ulipopita chini ya rundo la samadi. Rundo limehamishwa, mfereji umegeuzwa upite kwenye majani mazito, na mashine ya kuingiza hewa inafanya kazi kuanzia usiku wa manane mpaka jua litoke. Chakula cha samaki tumekisimamisha kwanza. Kisahani kilikuwa kinapotea kwa sentimita 18. Tunakishusha kila Jumatatu, saa ileile.