Kujenga ukumbi wa maonyesho wa uhalisia pepe: anza na sauti, kuta zifuate

Ukumbi wa kwenye kompyuta hauna mvua ya kuzuia wala paa zito la kubeba. Kuta zake zina kazi ya kuelekeza macho na kuwatenga watu, basi. Kwenye programu nyingi za aina hii ukuta hauzuii sauti hata kidogo: chora ukuta wenye unene wa mita nzima, na video iliyo upande wa pili itasikika vilevile, kwa sababu kompyuta inapima umbali tu kati ya msikilizaji na chanzo. Ndiyo maana kumbi nyingi zenye sura nzuri huwa na kelele isiyovumilika. Ramani ianze na miduara ya sauti, kisha kuta zichorwe kuifuata.

Wazo hili si geni. Banda la kampuni ya Philips kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958, kazi ya wasanifu majengo Le Corbusier na Xenakis, lilikuwa na mamia ya spika kwenye kuta zake, na sauti ilipangiwa njia ya kupita juu ya vichwa vya watu. Jengo lenyewe lilikuwa sehemu ya chombo cha muziki.

Miduara ya sauti

Chukua karatasi ya miraba, mraba mmoja uwe mita moja. Weka nukta kwa kila kazi ya sanaa yenye sauti. Sasa amua sauti inavyofifia.

Ukumbi unaofunguka kwenye kivinjari hutegemea Web Audio, mfumo wa sauti uliomo ndani ya kivinjari, na hesabu yake ya kawaida ya kufifisha sauti inaitwa inverse, yenye refDistance (umbali ambapo sauti huanza kupungua) ya 1. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inabaki nusu, yaani inashuka desibeli 6. Tatizo ni kwamba haifiki sifuri: kwenye mita 10 bado imebaki sehemu moja ya kumi. Weka kazi sita ukumbini, na mgeni atazisikia zote sita popote aliposimama.

Kwa kazi za sanaa chagua hesabu nyingine, linear, refDistance 2, maxDistance (umbali ambapo sauti huisha) 9. Sauti itakuwa kamili hadi mita 2, kisha itashuka sawasawa na kuzimika kabisa kwenye mita 9. Kazi mbili zilizoachana mita 18 hazitagusana. Zikiachana mita 14, mgeni aliye katikati atasikia kila moja kwa asilimia 29 hivi. Muziki wa taratibu unavumilika hapo, lakini watu wawili wanaosimulia kwa pamoja hapana. Sauti za wageni wenyewe ziache kwenye inverse. Sauti ya mtu ikizimika kabisa kwa sababu amesogea hatua chache, mwenzake hudhani maikrofoni imeharibika.

Miduara ikishakaa, chora kuta pale sauti mbili zinapopishana, na upinde ushoroba ili kazi inayofuata isionekane kabla haijasikika.

Vipimo

Kipimo kimoja kwenye faili la GLB, yaani faili linalobeba umbo la ukumbi, ni mita moja. Kwenye Blender, programu ya kuchorea maumbo hayo, bonyeza Ctrl+A na uthibitishe ukubwa kabla ya kutoa faili. Usipofanya hivyo, vizuizi vya mwendo vinaweza kupishana na kuta unazoziona, na wageni watapita katikati ya ukuta. Urefu wa macho uchukulie kuwa mita 1.6, na katikati ya picha iwe hapohapo.

Mlango wa sentimita 90 unatosha kwenye nyumba halisi, lakini hapa upe mita 2. Mtu hahisi mabega ya avata yake (mwili wa kuchorwa anaotembea nao ukumbini), na kamera inayofuata nyuma ya avata hugonga fremu ya mlango. Dari ianzie mita 4 kwa sababu hiyohiyo. Ngazi zipe kizuizi cha mteremko laini kilichofichwa, si cha vidato, la sivyo kamera itarukaruka na aliyevaa miwani ya uhalisia pepe atapata kichefuchefu. Sakafu yenye mistari mikali nayo huongeza hali hiyo.

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall aliandika mwaka 1966 kwamba mazungumzo ya kawaida baina ya watu wasiozoeana hukaa kati ya mita 1.2 na 3.6. Wageni huleta mazoea hayo hata wakiwa avata. Kwa hiyo mbele ya kila skrini acha nafasi wazi ya angalau mita 3 kwa 3, nje kidogo ya mstari wa kutazama, ili wanne wasimame duara na kuzungumzia kazi bila kuwaziba wengine. Nafasi hii ndiyo inayougeuza ukumbi kuwa mahali pa kukutana.

Mahali pa kuingilia pawe kimya, nje ya miduara yote. Weka vituo kadhaa ambapo wageni wanaoingia hujitokeza, vilivyoachana mita moja na zaidi. Kituo kikiwa kimoja, wageni wanaoingia pamoja hurundikana ndani ya miili ya wenzao na kitu cha kwanza wanachokiona ni ndani ya kichwa cha mtu.

Uzito

Lenga pembetatu (vipande vinavyounda kila umbo) zisizozidi 50,000 kwa ukumbi mzima na materiali 25, yaani aina za sura zinazovishwa maumbo hayo. Kinacholemea simu zaidi ni picha za kuta. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 hukaa kwenye kadi ya picha kwa megabaiti 16, hata kama JPEG yake ni ndogo sana, kwa kuwa hufunguliwa yote. Ya 4096 hula 64. Ukizigeuza kuwa KTX2, aina ya faili la picha kwa ajili ya kadi hiyo, zitabaki zimebanwa hata zikiwa kwenye kadi.

Taa zinazokokotolewa papo hapo zisizidi tatu. Mwanga mwingine upige chapa juu ya kuta kwa amri ya Bake ya Blender, na acha pikseli 8 au zaidi kati ya vipande vya ramani ya UV, yaani nyuso za ukumbi zilizotandazwa kama karatasi bapa. Vikibanana, rangi ya kipande jirani huvuja na utaona mistari myeusi kwenye kona. Picha iliyobandikwa ukutani itoe mbele sentimita 2, isimetemete.

Video ya pamoja

Kila kompyuta ikianza video kwa wakati wake, mmoja atacheka na mwenzake bado hajaona kilichomchekesha. Seva ihifadhi saa ya kuanza, na kila kifaa kipige hesabu: sasa toa saa ya kuanza, gawa kwa urefu wa video, chukua baki. Video ya sekunde 180 iliyoanza sekunde 400 zilizopita iwe kwenye sekunde ya 40. Tofauti ikizidi nusu sekunde, ruka hadi mahali sahihi. Ikiwa chini ya hapo, badilisha kasi iwe 1.02 au 0.98 hadi zilingane, kwani kuruka mara kwa mara hukatakata sauti.

Vivinjari huzuia video yenye sauti hadi mtu abonyeze kitu, kwa hiyo weka kitufe cha kuingia. Sauti ya kujirudia isiwe MP3, ambayo huongeza ukimya mfupi mwanzoni na kuacha pengo kila inaporudi; tumia Ogg, aina nyingine ya faili la sauti.

Kabla ya kufungua

Jaribu na watu watano au zaidi kwa pamoja, mmoja akiwa na simu dhaifu, na wote waongee. Ukumbi mtupu haukuonyeshi chochote kuhusu sauti.

Tunza faili la Blender, GLB, video asili na karatasi ya vipimo vya sauti nje ya huduma unayotumia. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilifunga Hubs, huduma yake ya kumbi za aina hii, tarehe 31 Mei 2024. Aliyekuwa na GLB yake aliweza kuuhamishia ukumbi kwingine, lakini refDistance na maxDistance za kila kazi huandikwa upya kwa mkono, na bila karatasi ile miduara yote inabidi ipimwe tena.