Kutafuta na Kuziba Uvujaji katika Matumbo ya Katamarani Ndogo

Somo hili ni kwa wenzetu wenye katamarani ndogo za faiba, vyombo vya matumbo mawili yaliyounganishwa, hizi za kusukumwa ufukweni kwa mikono, ambazo kila zikirudi kutoka visiwa vya Bongoyo au Mbudya, Dar es Salaam, na kufunguliwa kizibo cha tezi, yaani nyuma ya chombo, hutoa maji ambayo mwenyewe hajui yaliingilia wapi. Wengi wetu hukimbilia silikoni. Naomba tuiweke kando, kwa sababu ugumu wa kazi hii uko katika kutafuta kuliko katika kuziba, na anayeziba kabla ya kuliona tundu hujiongezea kazi: resini, ile gundi ya majimaji inayoganda na faiba, haishiki mahali palipopakwa silikoni.

Aliyezoea mashua za mbao ana jambo la kuliacha kwanza. Mbao zikikaa nchi kavu hukauka na kuachia, lakini zikirudi majini hunywa maji, huvimba na kuibana kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kati ya mbao. Faiba haivimbi, ufa wa leo kesho utakuwa uleule au mkubwa zaidi. Tena tumbo la katamarani limefunikwa pande zote, na hewa iliyomo ndani ina kazi yake. Chombo kilichoanikwa juani Msasani tangu asubuhi huwa na hewa ya moto iliyotanuka. Kikishushwa majini hewa hiyo hupoa, hunywea, na kuvuta maji kupitia tundu lolote lililo chini ya maji. Ndiyo maana vyombo vingine huingiza maji hata siku bahari imelala. Kama chombo chako kina kitundu cha kupumulia, kichunguze kabla ya yote kisiwe kimezibwa na chumvi, mchanga au udongo wa nyigu.

Hatua ya kwanza ni kupima. Ukirudi pwani, inua omo, yaani mbele ya chombo, fungua kizibo, kisha kinga maji kwa jagi lenye alama, tumbo la kushoto na la kulia mbalimbali, na uandike. Yaguse kwa ncha ya ulimi. Yakiwa ya chumvi, yameingia safarini. Yakiwa matamu, ni mvua iliyopenya sitahani chombo kikiwa kimeegeshwa, na hapo huna haja ya kuhangaika na mkuku, yaani uti wa chini wa tumbo. Lita 20 ni zaidi ya kilo 20 zinazokimbilia omo kila chombo kinapoinama, na chombo kilichopinduka huku tumbo moja limejaa maji ni kazi kubwa kukisimamisha.

Hatua ya pili ni hewa na povu, na hapa ndipo ninapoomba subira. Fanya kivulini, asubuhi mapema au jioni. Funga matundu yote isipokuwa moja, pitisha hapo mpira mwembamba, uzungushie utepe, kisha puliza kwa mdomo mpaka usikie sitaha imekaza kidogo chini ya kiganja. Usitumie kompresa ya gereji hata kwa sekunde moja. Msukumo wa kujaza tairi hupasua kiungo cha sitaha na tumbo. Jua pia huongeza msukumo bila kuombwa: joto la hewa iliyofungiwa likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 45, msukumo wake huongezeka kwa karibu asilimia 7, na kwa chombo chembamba hiyo si kidogo.

Paka maji ya sabuni kwa brashi, ukianzia palipo na mashaka zaidi: kizibo na mpira wake, skrubu za bawaba za usukani, vifuniko vya ukaguzi, kiungo cha sitaha kwa urefu wake wote, mahali vyuma vya kuunganisha matumbo vinapoingia, na mwisho mkuku, ambao kwa vyombo vya kuburutwa mchangani husagika polepole karibu na tezi. Usiende haraka. Katika chombo changu nilikaa na brashi saa nzima bila kuona kitu, mpaka nilipolala chali mchangani nikatazama chini ya bawaba ya usukani wa kushoto. Palikuwa na mapovu madogo kama mayai ya samaki, yakizaliwa moja baada ya jingine kandokando ya kichwa cha skrubu. Hapo nilikuwa nimeshapapita mara tatu. Kila unapopaona, weka alama kwa penseli ya nta na uendelee, kwani tundu la kwanza mara nyingi si la pekee.

Kukausha hakuhitaji maneno mengi. Suuza ndani kwa maji matamu, maana chumvi hushika unyevu, kisha acha vifuniko wazi kwa siku kadhaa huku feni ikipuliza. Wakati wa masika kazi hii huchukua muda mrefu zaidi, nami ningengoja.

Skrubu iliyolegea haizibwi kwa kupakwa juu. Ing'oe, panua tundu, lijaze epoksi, resini ya kuchanganywa sehemu mbili, iliyokolezwa kwa unga wake, iache igande, toboa upya, kisha rudisha skrubu pamoja na gundi ya baharini ya polyurethani. Ufa nao usagwe kwa msasa au grinda mpaka uifikie faiba nzima, kingo zikilala kwa mteremko mrefu: unene wa milimita 3 unataka mteremko wa milimita 36 kila upande. Kata vipande vya kitambaa cha faiba kwa kufuatisha ukubwa wa mteremko, vilowanishe, vikandamize mpaka visiwe na hewa. Epoksi ichanganywe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kuongeza hadina, ile sehemu ya kuigandisha, hakuharakishi, huharibu. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu joto likipanda nyuzi 10 muda wa kufanyia kazi hupungua kwa takriban nusu. Fanya jioni joto linaposhuka, ili hewa iliyo ndani ya faiba isisukume vipovu kwenye resini mbichi. Vaa glavu na barakoa. Ikiganda, ioshe kwa maji, piga msasa, kisha paka rangi, maana jua huila epoksi iliyoachwa wazi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kunduchi: Shikamoo fundi. Nimepaka povu kila mahali sikuona kitu, lakini kila safari natoa lita 2.

Jibu: Marahaba. Kuna nyufa zinazofunguka chombo kinapobeba mzigo tu. Rudia, safari hii mtu mmoja atikise usukani na kukanyaga sitaha taratibu, wewe ukitazama. Kagua pia mpira wa kizibo. Mchanga kidogo chini yake unatosha.

Mwanachama, Kigamboni: Ninao mkeka wa faiba uliobaki kwenye kazi ya resini ya polista. Naweza kuutumia na epoksi?

Jibu: Sikushauri, dada. Nyuzi za mikeka mingi zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na polista. Kwenye epoksi hubaki mkavu na mgumu kulala. Nunua kitambaa kilichofumwa.

Mwanachama, Mikocheni: Fundi mmoja alinipakia silikoni kiungo chote. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, kaka. Ikwangue kwa wembe, futa kwa kitambaa chenye kiyeyusho ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, na usiguse msasa kabla haijatoka yote, kwa sababu msasa huisukumia ndani ya mikwaruzo. Ukimaliza, mwagia maji: yakitandaa pamesafika, yakijikusanya matone rudia.

Mwanachama, Msasani: Natoa karibu lita moja tumbo la kulia baada ya siku nzima. Nisitishe safari ya Jumamosi?

Jibu: Lita moja kwa siku nzima hainitishi. Kinachonitisha ni lita moja inayokuwa tatu wiki ijayo. Nenda, ila usivuke ghuba upepo ukiwa mkali, na ukirudi pima matumbo yote mawili uniletee namba zake.