Kuitambua bunduki ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya kuwindia

Majuzi rafiki yangu alinitumia picha kumi na moja za bunduki aliyorithi kwa baba mkwe wake, akitaka kujua ni aina gani. Picha tisa zilikuwa za mbao. Mbao nzuri kweli, zimechongwa na kung'arishwa, lakini hazikunisaidia kitu, kwa sababu fundi anayeigeuza bunduki ya jeshi huanza kwa kuitupa mbao yake. Kisha hukata mtutu, huondoa vilengeo, hufunga darubini. Asichoweza kukibadilisha ni bodi, yaani kile kipande cha chuma ambamo bolti (komeo la chuma linaloingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu) huteleza na mtutu hufungwa kwa mbele. Basi nikamwambia aanze upya.

Hatua ya 1: Toa risasi, toa bolti, vua mbao

Unajua namna. Bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu, usije ukaacha makovu.

Hatua ya 2: Tafuta ukoo

Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, ina meno mawili ya kufungia mbele ya bolti na la tatu nyuma, na pini ya kupigia risasi hukazwa unapoinua mkono wa bolti. Zile za kabla yake, kama 93, 95 na 96 ya Sweden, hazina jino la tatu, na pini hukazwa unaposukuma bolti mbele. Pitisha pia kidole kwenye ukuta wa kushoto wa bodi. 98 ya jeshi ina pengo la dole gumba, la kukandamizia risasi kutoka kwenye klipu (kibanio kinachoshika risasi kadhaa). Ukiukuta ukuta mzima, shuku kwamba bodi ilitengenezwa kwa ajili ya raia tangu mwanzo.

Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, haifichiki: kitako kimetengana na mbao za mbele, na kichwa cha bolti hufunguka kwa kuzungushwa. Kwenye toleo lake la No. 1, tazama kulia, kwenye pete ya chuma inayoshika kitako: taji, herufi za mfalme, mtengenezaji, mwaka. Kwenye No. 4, tazama ubavu wa kushoto wa bodi.

P14 na M1917, bunduki mbili zinazofanana, zilikuwa na masikio mawili makubwa ya kulinda kilengeo cha nyuma. Mafundi wengi waliyasaga yakaisha, kwa hiyo tazama mkono wa bolti, ambao umepinda kama mguu wa nyuma wa mbwa. P14 ni ya kaliba (aina ya risasi) ya .303, M1917 ni ya .30-06.

Springfield 1903 ya Marekani jina lake limeandikwa juu ya bodi, ila mara nyingi kitako cha darubini kimelifunika. Kifungue. Usione ni kazi bure, maana unatafuta nambari ya bunduki. Zilizotoka kiwanda cha Springfield zenye nambari chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, chuma chake kilipikwa kwa kukadiria joto kwa macho, na baadhi yake ni dhaifu kama chungu. Mimi sizifyatui, hata mwenyewe akiapa kwamba babu yake aliitumia miaka arobaini.

Hatua ya 3: Soma alama kabla ya kusafisha

Usiguse brashi ya waya. Shika tochi kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye maandishi, au paka chaki kisha futa juu juu. Kwenye Kar98k, yaani Mauser 98 fupi ya jeshi la Ujerumani, herufi za siri hutaja kiwanda: "byf" ni Mauser ya Oberndorf, "bnz" ni Steyr, "ce" ni Sauer, "dot" ni Brno. Linganisha nambari ya bolti na ya bodi.

Hatua ya 4: Kaliba

Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili. Mtutu wa rafiki yangu ulikuwa na "7,91" chini yake, nami nikatangaza kwa kujiamini: 8×57 (risasi ya Mauser yenye ganda la milimita 57), mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Ile 7,91 ni kipenyo cha tundu kama kilivyopimwa kiwandani, haisemi lolote kuhusu chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Rafiki yangu akanionyesha ganda la 8×57 lililofyatuliwa humo. Niliposimamisha jipya pembeni yake, lile lililotumika lilikuwa na bega lililosogea mbele na shingo iliyobaki kijisehemu.

Chemba ilikuwa imerefushwa kuwa 8×60 S. Baada ya Vita vya Kwanza, mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani kuhusu kaliba za kijeshi, na mafundi wakaongeza milimita tatu. Risasi fupi ya 8×57 huingia humo bila ubishi wowote, ndiyo maana ni hatari. Australia nako kulikuwa na vikwazo vya namna hiyo huko New South Wales, na .303 nyingi zikageuzwa kuwa .303/25 (ganda la .303 lililobanwa shingo kwa risasi ya .25), kwa hiyo Lee-Enfield kuwa Lee-Enfield si uthibitisho wa kaliba. Ongeza na hili: 8×57 zenyewe ni mbili, ya zamani yenye kichwa cha risasi cha kipenyo cha milimita 8.07 na ya baadaye ya 8.20. Ile nene haitakiwi ndani ya mtutu wa ile nyembamba.

Kwa hiyo toa nakala ya chemba kwa kumiminia ndani yake kitu kinachoganda. Wapo wanaotumia salfa. Mimi nasema Cerrosafe tu, metali mchanganyiko inayoyeyuka kwa joto dogo. Huyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, hivyo maji ya moto yanatosha. Safisha chemba, ikaushe kabisa, ziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, mimina, kisha isukume itoke kwa upole ikiwa imeganda. Usiipime hapohapo! Husinyaa kwa nusu saa ya kwanza, halafu hutanuka, na baada ya saa moja hivi ndipo huwa sawa na chemba. Weka saa, kaa mbali na kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo). Pima urefu, bega, shingo na kipenyo cha mifereji, uandike vyote. Alama ya mtutu ikikubishia, uamini umbo la chemba.

Hatua ya 5: No. 5 "Jungle Carbine"

Hii ni Lee-Enfield fupi. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni No. 4 zilizokatwa na kubandikwa kifaa cha kuficha mwako wa risasi mdomoni mwa mtutu. Ya kweli ilipunguzwa chuma kwenye bodi na kwenye mtutu pale unapoingia, na kirungu cha bolti kimechimbwa katikati. Vua mbao uone, kwani wauzaji wa bandia hupiga picha mdomoni tu.