Kupanga VPN ya ofisi ndogo kabla ya kuisakinisha

VPN ni njia ya siri kupitia intaneti inayomwezesha mtu aliye mbali kuingia kwenye mtandao wa ofisi. Kabla ya kuchagua programu yake, andika kwenye karatasi nani anahitaji kufikia nini. Chukulia duka la jumla lenye ofisi Kariakoo na ghala Mbagala: mhasibu anayefanya kazi nyumbani anahitaji seva ya hesabu peke yake, mtunza ghala anahitaji programu ya stoo, na fundi wa kompyuta, ambaye mara nyingi si mwajiriwa, anahitaji kuingia siku anapoitwa tu.

Baada ya hapo panga anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, na hapa ndipo wengi hukwama. Rauta nyingi huuzwa zikiwa na mtandao wa 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1; ikiwa ofisi na nyumba ya mhasibu zote zinautumia huo, ataiita seva iliyo kwenye 192.168.1.10 na kuitikiwa na printa yake mwenyewe, ingawa VPN inaonyesha kwamba imeunganika. Ihamishe ofisi mapema kwenye mtandao usiozoeleka, kwa mfano 10.44.20.0/24.

Tazama pia anwani ya nje (ya upande wa intaneti, mara nyingi huitwa WAN) iliyoandikwa ndani ya rauta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna atakayeweza kuingia kutoka nje mpaka ulipie anwani ya kudumu au ukodi seva ndogo kwenye intaneti ambako ofisi na wafanyakazi watakutania.

Kwa ofisi ya ukubwa huu ningechagua WireGuard, programu ya VPN inayohitaji poti (mlango wa mtandao wenye namba) moja ya aina ya UDP, kwa kawaida 51820. Kila kifaa kipewe jozi yake ya funguo, ili kompyuta ikiibwa ufute ufunguo mmoja bila kuwasumbua wengine. PPTP, aina ya zamani ya VPN isiyo salama ambayo bado imo katika rauta za zamani, iache kabisa.

Usidanganywe na mstari wa AllowedIPs ulio kwenye mipangilio ya WireGuard ya kompyuta ya mhasibu: husema tu safari zipi zipite ndani ya VPN, na yeye mwenyewe anaweza kuubadilisha. Kizuizi cha kweli ni faiwoli (kichujio cha mawasiliano) ya upande wa seva ya VPN, itakayoandikwa kwa kufuata ile karatasi.

Kwa Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilizitaka kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao, zikiwemo anwani za IP. Ulizia utaratibu uliopo sasa kabla ya kuwasha.

Majaribio yafanyike kwa data ya simu, si kwa Wi-Fi ya ofisi. Kwa ufunguo wa mhasibu, seva ya hesabu ifunguke na programu ya stoo igome.